Si Baridi Iliyoiua Miazalea Yetu

Jioni moja ya mwezi wa Julai mwaka jana, mwalimu anayefundisha somo la kilimo katika shule moja ya hapa Buruburu alibisha langoni kwangu akiwa amebeba gunia begani. Tulipokwisha kuamkiana na kujuliana hali, alilifungua gunia lile na kuyamwaga yaliyomo barazani. Ilikuwa miche kumi na miwili ya maua, mikavu kama kuni, mizizi yake ikiwa bado imegandamana na madongoa meusi. Alinitazama kwa utulivu akasema, "Mwalimu, wagonjwa wako wamefariki."

Nilicheka kwanza, kisha kicheko kikanikauka. Wagonjwa wale walikuwa wangu kwelikweli.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi wa Machi nilialikwa na shule ile kuzungumza na wanafunzi kuhusu lugha na mazingira. Siku chache kabla ya mwaliko huo, dada yangu mdogo anayeishi Brooklyn Park, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, alikuwa ameniletea picha ya kichaka kilichomo katika bustani yake. Kilikuwa kimefunikwa na maua ya waridi hata majani hayaonekani, na shinani pake palikuwa na kibao kidogo cha kitalu kilichosema kwamba mmea huo ni azalea inayostahimili baridi kali. Dada akaongeza swali ambalo mwanawe wa miaka saba alikuwa amemuuliza naye akashindwa kulijibu: "Kaka, huu kwa Kiswahili tunauitaje?" Swali lilinipendeza, picha ikanipendeza zaidi, na nilipofika mbele ya wanafunzi nikayachanganya yote mawili. Niliwaambia kwamba Nairobi ya Julai ina baridi ya kutetemesha meno, kwamba bustani zetu hukunja uso msimu huo, na kwamba dawa ni kupanda mimea isiyoogopa baridi, kama vile azalea. Walinipigia makofi.

Msomaji mpendwa, hapo ndipo penye hatari ya vyeo vya elimu. Mtu akiitwa daktari, watu hawaulizi ni daktari wa nini. Mimi ni mtu wa isimu. Shughuli yangu ni sauti, maumbo na maana za maneno. Lakini wanafunzi walichanga fedha, wazazi wakaongezea, na mwalimu akasafiri hadi upande wa Limuru kununua miche. Waliipanda mvua ya masika ilipoanza. Kufikia katikati ya Mei majani yalikuwa yamegeuka rangi ya manjano. Kufikia Julai hapakuwa na jani. Palipotafutwa wa kulaumiwa walipatikana wanafunzi wanne waliokuwa na zamu ya kumwagilia maji. Majina yao yaliandikwa katika daftari la nidhamu kwa kosa la uzembe.

Hilo la daftari ndilo lililoninyima usingizi. Nilimwuliza mwalimu kama aliwahi kuwakuta wameacha kumwagilia. Alifikiri, akasema la, kila alipopita jioni aliikuta ardhi ikiwa majimaji. Basi uzembe uko wapi?

Kwa kuwa kosa lilianzia kwenye maneno yangu, nalianza uchunguzi wangu kwenye maneno. Neno lililotupotosha ni hilo hilo dogo tunalolitamka kila asubuhi: baridi.

Mnamo tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na weupe kileleni. Alipomwuliza kiongozi wa msafara wake weupe ule ni nini, mtu huyo, aliyetoka pwani, alimjibu kwamba ni baridi tu. Hakuwa na haja ya neno jingine. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba 1849, mwenzake Rebmann, Ludwig Krapf, aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, nao una theluji. Huko London alikuwapo mwanajiografia mmoja, William Desborough Cooley, aliyekataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa juu ya mstari wa ikweta, na aliendelea kukataa kwa miaka mingi. Krapf ndiye yule yule aliyeitungia lugha yetu kamusi kubwa iliyochapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Mara nyingi nimewaeleza wanafunzi wangu wa chuo kikuu juu ya kamusi hiyo. Sikupata kufikiri kwamba mtunzi wake alikuwa pia miongoni mwa Wazungu wa kwanza waliogombania maana ya baridi.

Si kwamba Kiswahili ni fukara wa maneno. Barafu tumeipata kwa Waajemi na theluji kwa Waarabu. Kipupwe ni msimu wa baridi ya katikati ya mwaka. Tunalo pia neno sakitu, ambalo wengi wa vijana wetu hawalijui, ingawa jambo lenyewe wanalijua sana wakulima wa Limuru na Kinangop: ule umande unaoganda alfajiri na kuyaunguza majani ya chai na viazi hata yakawa meusi kana kwamba yamepitiwa na moto. Lakini katika mazungumzo ya kila siku yote hayo huyakusanya mtu akayatia katika kapu moja la baridi. Kwetu sisi wanadamu, wenye sweta na mablanketi, hakuna neno. Mmea hauna kapu moja. Kwake kila baridi ni mgeni wa aina yake, na kumjua mmoja si kuwajua wote.

Tutazame kwanza baridi ya Minnesota. Huko kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na baridi ya kugandisha maji si ya usiku mmoja bali ya majuma. Hata hivyo, ukali huo una adabu moja: hupiga hodi. Kuanzia Septemba siku hufupika, jua huinama, usiku huwa baridi zaidi kila juma. Azalea ya dada yangu husoma dalili hizo, hudondosha majani, hukausha sehemu ya maji iliyomo katika matawi, na matumba ya maua hujifunga katika magamba yake. Kufika Desemba imekwisha kulala. Chuo Kikuu cha Minnesota kilizalisha jamii ya azalea iitwayo Northern Lights, ikaanza kutolewa kwa watu mwaka 1978, na matumba ya baadhi yake hustahimili takriban nyuzi 35 chini ya sifuri. Lakini ukiipiga azalea hiyo hiyo kwa barafu ya ghafla mwezi wa Agosti, ingali macho, itaumia vibaya. Ustahimilivu wake si kitu inachotembea nacho mwaka mzima kama ngozi. Ni vazi inalolivaa kwa ratiba.

Ndugu zake wakubwa, wanaoitwa rododendroni, baadhi yao hawadondoshi majani hata katika theluji. Hufanya ajabu nyingine: baridi ikizidi, majani hulegea, huelekea chini, na kujikunja kama karatasi inayoviringishwa kuwa kata. Wazee wa milima ya mashariki ya Marekani huweza kukadiria kipimo cha baridi kwa kulitazama jani tu kupitia dirishani.

Baridi ya Nairobi ni kinyume cha hiyo. Usiku wa Julai huku kwetu kipimo huwa kati ya nyuzi 10 na 13 hivi juu ya sifuri. Kwa azalea ya Minnesota hiyo si baridi hata kidogo. Ni majira mazuri ya kuchanua. Siku zetu, kwa kuwa tu karibu mno na ikweta, zina urefu wa saa kumi na mbili Januari hadi Desemba. Basi mmea uliozoea kulala kwa dalili za siku kufupika utapata wapi dalili hizo katika mtaa wa Buruburu? Utakesha. Na mmea unaohitaji kulala, usipopata usingizi, hudhoofika mwaka baada ya mwaka na maua yake huwa haba. Kumbe tulichokuwa tukikitafuta, yaani mmea usioogopa baridi, ndicho kisichotufaa. Ni sawa na mtu wa Lamu kununua koti la manyoya.

Kuna baridi ya tatu, na hii ni yetu wenyewe. Panda Mlima Kenya, uipite misitu, uipite mianzi, ufike mita 4,000 kwenda juu. Huko mchana jua huchoma ngozi, na usiku maji huganda. Kesho yake vivyo hivyo. Hakuna Septemba ya kupiga hodi. Kila jua linapotua baridi kali huja, na kila linapochomoza huondoka. Mmea wa huko hauwezi kusema utalala miezi mitano, kwa maana hauna miezi mitano ya baridi bali una usiku mia tatu na sitini na tano.

Nimepata kuiona mimea hiyo kwa macho yangu, miaka kadhaa iliyopita, nilipofuatana na wanafunzi wa jiografia kwa udadisi tu. Ipo lobelia kubwa ambayo majani yake hupangika kama bakuli lililokaa chini. Bakuli hilo huwa na maji ndani. Usiku uso wa maji huganda na kuwa kama kifuniko cha kioo, na chini ya kifuniko hicho maji hubaki maji, na chipukizi changa cha katikati hubaki salama ndani yake. Tulipofika alfajiri, mwanafunzi mmoja aliligonga barafu lile kwa ukucha likalia. Ipo lobelia nyingine, iliyopewa jina la Teleki, yule Mhungari aliyepanda mlima huo mwaka 1887. Hiyo husimamisha mkungu mrefu wa maua uliofunikwa na malaika za kijivu hata ukadhani ni mnyama aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Malaika hizo huyahifadhi maua na upepo wa usiku. Na ipo miti ya senesio, mirefu kumzidi mtu mara mbili au tatu, isiyoyatupa majani yake yaliyokufa. Majani hayo makavu hubaki yameng'ang'ania shina, moja juu ya jingine, yakawa joho zito la kuizuia baridi isifike kwenye maji yanayopanda ndani ya mti. Na usiku majani mabichi ya kileleni hujikusanya na kukifumba chipukizi kama vidole vinavyokunja ngumi.

Wataalamu wameyasoma haya kwa miongo mingi. Lakini nikiwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza kuhusu mimea ya baridi, hunitajia miti ya Krismasi. Sina haki ya kuwacheka. Mimi nami, nilipotaka mfano wa mmea wa baridi wa kuwapa watoto wa Buruburu, sikutazama kaskazini kwenye mlima unaoonekana kutoka hapa mtaani alfajiri isiyo na mawingu. Nilitazama kwenye picha iliyotoka Minnesota.

Naharakisha kusema kwamba simshauri mtu akang'oe lobelia mlimani ailete Eastlands. Mlima ule ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1949, kung'oa ni hatia, na hata kama isingekuwa hatia, joto la mchana la hapa si kiwango cha mimea ile.

Turudi kwenye gunia. Ikiwa baridi haikuiua miche ya wanafunzi, nini kiliiua? Yamkini miche ile haikuwa hata ya jamii ya Minnesota. Azalea zinazouzwa katika vitalu vyetu aghalabu ni za asili ya kusini mwa China, zilizochanganywa na kulelewa sana Ubelgiji kwa ajili ya kuwekwa ndani ya nyumba, na hizo hazidai majira ya baridi. Kwa upande wa hewa, Nairobi ni nyumbani kwake. Kilichoiua ni kile kilichokuwa kimegandamana na mizizi: udongo.

Kila anayejenga Eastlands anaujua udongo wetu mweusi. Waashi huuchimbua na kuubeba kwa malori kabla ya kuweka msingi, kwa maana mvua ikinyesha huumuka, na kiangazi kikija hupasuka nyufa zinazoweza kuumeza mkono. Ukitoka katikati ya jiji ukaelekea magharibi na kaskazini, Westlands, Kabete, hadi Limuru, utaukuta udongo mwekundu, wenye kina, unaopitisha maji upesi. Ukishuka mashariki, kupitia Barabara ya Jogoo hadi huku kwetu na kuendelea Embakasi na mbuga za Athi, utaukuta mweusi unaokamata maji kama sponji lililofungiwa ndani ya chupa. Jiji ni moja, lakini kwa mmea hizi ni nchi mbili.

Mizizi ya azalea ni myembamba kama nywele, haizami, na hushirikiana na kuvu maalumu wanaoisaidia kupata chakula. Hupenda udongo mwepesi wenye majani yaliyooza, wenye hewa, na zaidi ya yote wenye uchachu. Uchachu huo ndio ule ule upendwao na majani ya chai, na si ajabu kwamba chai ya kwanza katika nchi hii ilipandwa Limuru, mwaka 1903. Penye chai, azalea hutua mizigo yake. Udongo wetu mweusi hauna uchachu wa namna hiyo. Pengi umeelemea kwenye umagadi, na ndani yake mna vijiwe vyeupe vya chokaa. Udongo ukiwa hivyo, madini ya chuma yaliyomo huwa kama fedha iliyofungiwa benki: ipo, lakini mmea hauwezi kuichukua. Ndipo jani hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hizo ndizo dalili alizozieleza mwalimu, nami sikuzielewa.

Na maji je? Kwa sababu ya mgao wa maji, shule nyingi za Eastlands hutegemea visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine. Maji ya visima vya Nairobi yana magadi mengi, na floridi pia, jambo ambalo madaktari wa meno wanalijua vyema. Kila jioni, basi, watoto wale wanne walikuwa wakiibeba ndoo kwa uaminifu na kuimiminia miche magadi juu ya magadi, katika udongo usiokauka, juu ya mizizi iliyokuwa ikitafuta hewa. Laiti wangalikuwa wazembe kidogo, miche ingaliishi mwezi mmoja zaidi!

Nilimpigia simu dada yangu kumsimulia mkasa huu. Alicheka, kisha akanikumbusha kwamba mwanawe bado anasubiri jina.

Majina ya mimea hii yana vituko. Rododendroni ni neno la Kigiriki, maana yake mti wa waridi. Wagiriki wa kale hawakulitumia kwa mmea huu tunaouzungumzia. Walilitumia kwa mti wa oleanda, ule wenye maua mekundu na meupe upandwao kandokando ya barabara zetu na katika miji ya pwani. Mwaka 1753 mtaalamu wa Kiswidi Linnaeus alilichukua jina lile na kuubandika mmea mwingine wa milimani. Kwa hiyo mwenye jina wa kwanza anaishi Nairobi raha mustarehe, tena katika udongo wetu huu huu na jua letu, wakati aliyerithishwa jina anakufa. (Walimu watahadhari: oleanda ni sumu kali, shina, jani na ua, na haufai uwanja wa watoto. Azalea nayo ni sumu, na mbuzi wanaozurura Eastlands wasiisogelee.) Neno azalea lenyewe ni kichekesho zaidi. Asili yake ni Kigiriki vilevile, na maana yake ni kavu, kwa kudhaniwa kwamba mmea huu hupenda ardhi kavu, hali ukikaushwa siku mbili tatu hunyauka. Baadaye wataalamu waliona kwamba azalea na rododendroni ni jamii moja, yenye spishi karibu 1,000, nyingi za Himalaya, China na visiwa vya Asia ya kusini-mashariki. Afrika haina hata moja ya asili. Ina binamu zake tu, miti ya erika, ambayo kwenye Mlima Kenya na Nyandarua huota misitu mizima yenye ndevu za kuvumwani.

Kiswahili hakikuwahi kuhitaji jina la mmea huu kwa kuwa hakikuwahi kuuona. Lugha ya pwani ilitaja maua yaliyovaliwa na kunuswa: asumini, kilua, mkadi, rehani, langilangi. Lakini lugha haishindwi na mgeni. Uliza ua la miiba linalozunguka nyumba kongwe za hapa Buruburu, zile ambazo bado hazijaangusha uzio ili kujenga duka, utaambiwa ni kayaba. Neno hilo halikutoka kwa babu zetu. Ni tufaha la Kei, mto wa Afrika Kusini, lililopita vinywani mwa Wazungu, likashikwa na wenyeji, likasagwa hadi likawa laini, na leo kuna kijiji kizima jijini, Mukuru Kaiyaba, kinachobeba neno hilo. Hakuna kamati iliyoketi. Nikamwambia dada yangu amwambie kijana: ua ni azalea, kwa maana neno hilo lilikwisha kuzaliwa na irabu zetu, na mti wake ni mwazalea, miazalea ikiwa mingi, kama ilivyo miembe na michungwa. Kuhusu rododendroni sikumpa ushauri wowote. Mtoto wa miaka saba ana haki zake.

Kwa wale wasomaji ambao, licha ya haya yote, wameipenda picha ile kama nilivyoipenda mimi, njia ipo. Usiipande mwazalea ardhini huku Eastlands. Ipande katika chungu kipana chenye matundu mengi chini, kilichoinuliwa juu ya matofali. Udongo uwe mwekundu wa upande wa Limuru, uliochanganywa nusu kwa nusu na majani yaliyooza, hasa ya msonobari. Pasiwe na samadi mbichi wala majivu, kwa maana majivu ni magadi tu yaliyobadilisha jina. Maji yawe ya mvua, yakingwe kutoka kwenye paa. Kivuli cha mchana kiwepo, jua la asubuhi liruhusiwe. Na mnunuzi asiulize kama mmea unastahimili baridi. Aulize kama unadai baridi. Ukidai, autie rafu aondoke. Wenye bahati ya kupata rododendroni za jamii ya vireya, zitokazo milima ya Borneo na New Guinea, watakuwa wamepata zile zilizozoea siku za saa kumi na mbili kama zetu. Hizo hazikujua majira ya baridi tangu asili.

Mwezi wa Septemba nilirudi shuleni kwa ombi langu mwenyewe. Safari hii sikupewa jukwaa wala sikulitaka. Tulikaa bustanini, mwalimu, wanafunzi wanne, na wenzao waliotaka kutazama. Tulichimba shimo la kina cha rula moja tukalijaza maji, tukaenda zetu darasani kusoma; saa mbili baadaye maji yalikuwa pale pale yakitutazama. Tuliokota vijiwe vyeupe katika udongo uliochimbuliwa, tukavidondoshea siki kutoka jikoni, vikatoa mapovu na kuchemka. Mvulana mmoja alifanya vivyo hivyo na bonge la udongo mwekundu nililolileta kutoka Kabete. Halikufanya chochote. Alirudia mara tatu, kama mtu asiyeamini hesabu yake.

Niliwaambia wale wanne kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba nilisema juu ya jambo nisilolijua, nao wakalipa. Mmoja, msichana mrefu mwenye miwani, aliniuliza bila haya yoyote: "Kwa hiyo, Mwalimu, jina lako litaandikwa kwenye daftari?" Mwalimu wa kilimo aligeuza uso pembeni ili asicheke mbele yangu.

Daftari lililetwa. Majina manne yalipigwa mstari kwa kalamu nyekundu, na mwalimu akatia sahihi yake kando. Chini ya mstari huo niliandika jina langu, tarehe, na kosa. Sasa shule ina vyungu vitatu juu ya matofali, upande wa mashariki wa ofisi ya walimu, na pipa la kukingia mvua. Orodha ya zamu ya kumwagilia imebandikwa ukutani, na majina yaliyomo ni yale yale manne. Waliomba wenyewe.